Dawa inayofunguka penye maambukizi

SWALI: Mama wa famasi, kijana wangu ana kidonda cha mguu kisichopona. Jirani wetu hapa Kadutu anasema kuna dawa za chembe ndogo sana zinazofunguka zenyewe penye usaha. Nitazipata wapi? (Mama Neema, Bukavu)

JIBU: Pole sana, Mama Neema. Jirani hakudanganya, ila haziko dukani. Nyingi bado ziko maabara. Chembe moja huwa na upana wa nanomita mia chache au chini (milimita moja ina nanomita milioni). Unywele una upana wa kama nanomita 80,000. Ndani huwekwa antibiotiki, nje huvikwa polima (kitu cha molekuli ndefu kama mnyororo), kwa mfano kitosani inayotokana na maganda ya kamba wa baharini. Damu ina pH (kipimo cha asidi) ya 7.4, yaani haina asidi, lakini penye utando wa bakteria, ule ute wanaojificha ndani yake, mara nyingi pana asidi. Kitosani ikikutana na asidi hiyo huvimba, na dawa hutoka hapohapo walipo bakteria, si mwili mzima. Hilo linanipa matumaini makubwa.

Kwa sasa, tafadhali, usipasue kapsuli ya amoksisilini ukamwagia unga kidondani. Nauona sana unga huo, umegandamana na usaha, nyama chini inaoza. Mpeleke kituo cha afya wakisafishe, na uombe usaha upimwe wajue antibiotiki ipi inafaa.