Msukuma ana "damu safi"?

Kaka, umeuliza kama Msukuma wa Magu, huku Mwanza, ana damu safi ya Kibantu. Hakuna damu ya namna hiyo, si Magu wala kwingineko. Wabantu walipofika ukanda huu wa ziwa, zaidi ya miaka 2000 iliyopita, hawakukuta pori tupu. Walikuwepo wawindaji, na upande wa Serengeti wafugaji waliotoka kaskazini. Wakaoana. Ndiyo maana Watanzania wengi wa jamii za wafugaji wanaweza kunywa maziwa ukubwani bila kuumwa tumbo kwa mabadiliko ya kijeni yasiyo yale ya Wazungu.

Halafu usichanganye lugha na vinasaba. Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano, ng'ambo yetu kule Kenya, asili yao ni Kibantu lakini wengi leo wanaongea Kijaluo. Lugha iliondoka, watu wakabaki palepale.

Uvamizi una alama yake kwenye vinasaba: unaonekana zaidi upande wa baba. Kolombia, kromosomu Y (vinasaba ambavyo mwanaume huvirithi kwa baba tu) za wengi zimetoka Ulaya, ila vinasaba vya mitokondria, ambavyo mtu huvirithi kwa mama tu, ni vya wenyeji. Maana yake wanaume wa kigeni walizaa na wanawake wa pale, na mara nyingi si kwa hiari. Mifupa ya Waswahili wa kale kwenye makaburi ya pwani, kwa utafiti wa 2023, ina sura inayofanana (baba Waajemi, mama Waafrika), ingawa pale watafiti wanaona biashara na ndoa, si vita.

Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, asubuhi moja, tazama sura za watu. Bado tunachanganyika.