Besi Itanifikisha Wapi?

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina miaka 20, napigia kwaya ya kanisani gitaa la besi hapa Tanga, na mara mojamoja naitwa kwenye bendi za harusi. Nasikia wapo Waafrika wanaozunguka dunia kwa kupiga besi kwenye jazz. Mjomba wangu anasema mpiga besi hana jina, nihamie gitaa la solo au kinanda mapema. Je, besi peke yake inaweza kumfikisha mtu huko? Na waliofika walianzaje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mjomba wako anasema anachokijua. Nimepiga besi kwenye bendi za dansi Dar es Salaam miaka 18, na nimewaona watu wakicheza kwa mdundo uliotoka vidoleni mwangu, kisha wakaja mbele kumtunza mpiga solo. Inauma. Lakini bendi ilipopata safari, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuulizwa kama pasi yangu iko hai.

Nitakueleza habari za mpiga besi Richard Bona, maana ndiye ninayemfuatilia kuliko wote. Kazaliwa mwaka 1967 kijijini Minta, Kamerun. Babu yake alikuwa mpiga ngoma, mama yake mwimbaji. Mwenyewe alianza na balafoni, ile marimba ya Afrika Magharibi, na akiwa na miaka 5 tayari alikuwa akitumbuiza kanisani kijijini kwao. Kwa hiyo hapo kwayani ulipo usipadharau hata kidogo. Ala za dukani hawakuwa na uwezo nazo. Filimbi na magitaa alijiundia.

Besi ilikuja baadaye. Mwaka 1980, mjini Douala, klabu moja ya jazz ya Mfaransa ilihitaji bendi, na Bona, ambaye hata miaka 15 hajatimiza, akaikusanya. Mwenye klabu akamfungulia masikio kwa santuri zake. Humo akamsikia Jaco Pastorius, Mmarekani aliyepiga besi isiyo na vile vyuma vya shingoni, ikawa inaimba kama mtu. Kijana akageukia besi.

Akiwa na miaka 22 akaenda kusoma muziki Düsseldorf, Ujerumani, kisha Ufaransa, ambako alipiga klabuni na wanamuziki kama Manu Dibango wa Kamerun na Salif Keita wa Mali. Mwaka 1995 akahamia New York. Huko akapiga na Joe Zawinul, mpiga kinanda wa Austria. Sasa sikia: Zawinul ndiye aliyeongoza Weather Report pamoja na mpiga saksofoni Wayne Shorter, kundi ambalo Jaco alilipigia besi. Yaani kijana wa Douala alikwenda kusimama jukwaani na kiongozi wa yule yule aliyemsikia kwenye santuri. Nilipolijua hilo niliweka besi chini nikakaa kimya. Na hesabu miaka iliyopita hapo katikati: kama 15.

Kuhusu "besi peke yake", hapa ndipo ninapotaka utulie. Mwaka 2002 Bona alikuwamo kwenye albamu ya kundi la Pat Metheny, mpiga gitaa wa Marekani. Kundi hilo lilikuwa na mpiga besi wake, Steve Rodby. Bona akaingia zaidi kuimba na kupiga ngoma ndogondogo. Fundi wa besi mwenye jina lake tayari, akakubali kazi ambayo besi haikuwa kiini chake, na akaiweza, kwa sababu sauti alikuwa nayo tangu kwa mama yake na mikono ya ngoma tangu kwa babu yake. Kwa hiyo jifunze kinanda kama mjomba anavyotaka, ujifunze na kusoma nota, lakini besi usiiache.

Usidhani pia kwamba lazima uimbe Kiingereza. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1999, na yeye huimba zaidi kwa Kidouala, lugha ya huko Douala. Baadaye, mwaka 2016, alitoa albamu ya mapigo ya Kikuba. Hilo lilinifurahisha sana, kwa kuwa besi ya Kikuba haikanyagi pigo la kwanza, huliwahi kabla halijafika, na sisi wa dansi tulilelewa na santuri hizo za Kikuba. Watafute wazee wa Tanga wenye nyimbo za zamani, sikiliza besi tu, imba unachokisikia kwanza ndipo ushike ala. Mimi mstari mmoja wa Bona ulinichukua wiki tatu, kaseti inarudishwa nyuma kwa penseli ili nisimalize betri.

SWALI: Nyuzi za besi yangu zimekufa sauti na seti mpya siimudu. Nifanyeje? (Huyo huyo wa Tanga)

JIBU: Zichemshe. Zifungue zote, zikunje mviringo, zitie kwenye sufuria ya maji yanayochemka kwa dakika 10 hivi, kisha zikaushe kabisa kwa kitambaa kabla ya kuzirudisha. Jasho na uchafu ulioganda kwenye mizingo ya waya hutoka, sauti ikang'aa tena kwa wiki mbili tatu. Zile nyuzi laini zilizosagwa bapa usizichemshe. Na unapozifunga usizikaze kwa haraka, hasa ule mwembamba, maana uzi uliokwisha kupindwa mara moja kwenye ufunguo wa kukazia hukatikia pale pale.