Kamba niliyomfunga shemeji

Wiki tatu zilizopita, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, niliwasha simu nikakuta ujumbe wa kijana mmoja wa Kilosa ambaye husoma ninayoandika kuhusu uvuvi wa ndoano. Aliutuma saa tano usiku. "Kaka, shikamoo. Tulikuwa tunatoka kuvua Mkondoa, mwenzangu kaumwa na nyoka kwenye kifundo cha mguu. Tumemfunga kamba chini ya goti, tumemchanja na wembe, tumemwekea jiwe la nyoka. Mguu unazidi kuvimba. Tufanye nini tena?"

Niliusoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa kitandani. Kila alichokitaja, ukiacha jiwe, nilishakifanya mimi kwa mikono yangu hii. Nikampigia. Akapokea, na kumbe bado walikuwa kwa mzee mmoja jirani, wanasubiri kukuche. Nikamwambia: mpakieni kwenye gari sasa hivi, alale, mguu usikanyage chini, na hiyo kamba msiifungue wenyewe kwa kuwa imekaa usiku kucha. Aifungue daktari, dawa ikiwa tayari. Akasema, "Sawa kaka," simu ikakatika.

Sijawahi kuyaandika haya ya kwangu. Nimeandika kuhusu chambo, kuhusu chubwi, kuhusu namna ya kumtoa kambare kwenye mizizi bila kukata mshipi. Hili nililipita kila mara. Leo naliandika.

Ilikuwa Februari 2018. Mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tulikuwa na desturi ya kwenda Mto Zigi, chini ya milima ya Usambara Mashariki, upande wa Muheza. Huko juu Amani ni hifadhi na hatuvui. Sisi tulikuwa tunashuka chini, nje ya mpaka, kwenye vidimbwi virefu ambako perege hukaa kivulini na mkunga hutoka usiku. Wewe unayenisoma najua tumefanana. Unaijua ile hamu ya kumtoa mkunga mnene kama mkono, mshipi unapokata maji na moyo unapiga mpaka masikioni. Kwa ajili ya samaki huyo tulikuwa tayari kurudi gizani.

Mchana wake sina cha kuueleza. Tulivua, tukachoma mihogo, tukapata mkunga mmoja wa haja. Saa moja usiku tukaanza kurudi kupitia misaji ya Longuza. Aliyewahi kupita huko msimu wa kiangazi anajua: msaji hupukutisha majani yake, makubwa kama sinia, makavu, yanalundikana mpaka njia haionekani. Kila hatua inapiga kelele. Tochi ilikuwa moja na nilikuwa nayo mimi. Nilikuwa mbele, natembea haraka, nina furaha ya mkunga wangu begani. Shemeji alikuwa nyuma yangu hatua tatu hivi, amevaa kandambili, anafuata mwanga wa miguu ya mtu mwingine.

Akasema, "Shemeji, nimechomwa na mwiba."

Niligeuka na tochi. Kifutu alikuwa palepale, hajasogea hata shubiri, anajivimbisha na kutoa ule mlio kama tairi linalotoa upepo. Mimi nilikuwa nimempita kwa miguu yangu miwili bila kumwona. Kifutu hakimbii mtu. Nyoka wengine wakisikia kishindo cha miguu huondoka zao. Yeye hutegemea mabaka ya mwili wake, hutulia kama jani mpaka umkanyage. Katika misaji ile ungeweza kukodoa macho mchana kweupe na bado usimwone.

Nilichofanya kwanza ni kumuua. Nilitafuta gongo, nikampiga, nikahakikisha amekufa. Dakika kumi zikapotea hapo, na shemeji amekaa chini ameshika mguu wake. Kisha nikafungua mpira wa tyubu uliofunga mzigo wetu nikamkaza juu ya kifundo cha mguu, nikavuta kwa nguvu zangu zote, nikajisikia mwanaume anayejua kazi. Nikatoa wembe tuliokuwa tunakatia mshipi, nikamchanja pale palipotobolewa, nikaweka mdomo nikanyonya na kutema. Hakulia. Alikuwa ananiangalia tu kwa kuwa alikuwa ananiamini.

Halafu nikamtembeza. Karibu saa nzima, kwa mguu uleule, mpaka barabarani.

Zahanati ya kwanza hawakuwa na dawa ya sumu ya nyoka. Nesi alituambia ukweli huo mapema na namshukuru kwa hilo, ingawa usiku ule nilimtolea maneno mabaya. Tukapanda bodaboda watatu, shemeji katikati, mguu unaning'inia. Hospitali tulifika karibu saa sita usiku. Daktari alikuwa kijana kuliko mimi. Aliuangalia mguu: juu ya mpira rangi ya kawaida, chini yake umekuwa kama bilinganya. Akauliza, "Nani alifunga?"

Nikasema ni mimi. Hakunifokea. Alitoa damu kidogo akaiweka kwenye kichupa cha kioo, akaiacha imetulia dakika 20 kuona kama itaganda, kwa sababu sumu ya baadhi ya nyoka huharibu ugandaji wa damu. Akampa dawa, wakamfungua ule mpira polepole wakimwangalia. Shemeji aliishi. Lakini siku zilizofuata nyama ya mguu ilitoka malengelenge, ikawa nyeusi, ikaanza kuoza. Siku ya tisa wakakata vidole viwili. Baadaye wakachukua ngozi ya pajani wakaibandika juu ya unyayo. Wiki sita wodini. Pikipiki yake iliyokuwa inamlisha iliuzwa.

Nilimwuliza daktari kwa nini. Alinieleza kwa subira, na maneno yake nimeyashika hadi leo. Sumu ya kifutu inakula nyama yenyewe. Ukikaza kamba, unaizuia ikae mahali pamoja, na papo hapo unaikatia damu ile nyama inayopigana nayo. Hakusema vidole vingepona bila ule mpira. Alisema nilipunguza nafasi yao. Na wembe? Sumu haikai juu ikingoja kutolewa. Inaingia ndani na kuanza safari yake ndani ya mwili, na chale inaongeza kidonda na uchafu, na damu ambayo haigandi inapata mlango mwingine wa kutokea. Kumtembeza nako ni kuisukuma sumu, kwa kuwa msuli unaofanya kazi unaipeleka mbele.

Kikao cha familia kilifanyika akiwa bado wodini. Mama mkwe hakupandisha sauti. Aliuliza jambo moja tu: "Baba, tochi ilikuwa na nani?" Mpaka leo nikimpelekea sukari na unga wa sikukuu anapokea, anasema ahsante baba, lakini swali lile liko mezani.

Ndugu zangu, sisi tunaopenda mito na misitu tunajisifu kwa samaki na hatujisifu kwa kurudi salama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kwa kuumwa na nyoka, na wanaobaki na vilema vya kudumu, waliokatwa viungo wakiwemo, ni kama mara tatu ya hao. Mwaka 2017 shirika hilo liliingiza tatizo hili kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa. Yaliyopuuzwa! Na wanaokufa si wa mijini. Ni wakulima, wachungaji, watoto wanaookota kuni, na sisi wenye ndoano.

Kuhusu jiwe la nyoka, nataka niseme bila kumdharau mzee wa mtu. Mara nyingi jiwe lile jeusi ni mfupa wa mnyama uliochomwa mpaka ukawa mkaa. Linanata kwenye kidonda kwa kuwa linafyonza unyevu. Watu wanaapa kuwa limewaponya, na hawasemi uongo: nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata mwenye sumu wakati mwingine huuma bila kuitoa. Aliyeumwa hivyo atapona kwa jiwe, atapona kwa majani, atapona kwa kukaa tu. Aliyetiwa sumu ya kutosha anahitaji dawa inayotengenezwa kutokana na damu ya farasi waliozoeshwa sumu kidogokidogo, na anahitaji aipewe mahali penye daktari, kwa kuwa dawa yenyewe inaweza kumkataa mgonjwa na ikabidi aokolewe tena papo hapo. Kwa hiyo hata usifikirie kuinunua na kuitembeza kwenye begi.

Usifunge. Usichanje. Usinyonye. Vua pete, viatu na kitu chochote kinachobana kabla uvimbe haujafika. Laza mgonjwa, funga ufito kando ya mguu ili usicheze, kama unavyofanya kwa aliyevunjika, mbebe. Maumivu yakizidi, parasetamoli. Asprini hapana, inazidisha kutoka damu. Piga picha ya nyoka ukiweza kwa mbali, usimfukuze, usimkate kichwa ukabeba mfukoni, maana kichwa cha nyoka aliyekufa bado kinaweza kuuma. Ukiona kope za mgonjwa zinaanguka, anashindwa kumeza mate au sauti inakuwa nzito, hiyo ni sumu ya akina koboko na fira, inayopooza mpaka pumzi. Hapo hata dakika ya kutafuta chaji ya simu ni nyingi. Swila akikutemea machoni, usisugue: maji, maji mengi, dakika 15 hadi 20, kisha hospitali.

Nimebadilika na sioni haya kusema najivunia hilo. Juni mwaka huu niliwapeleka vijana watano kwenye vidimbwi vilevile vya Zigi. Wote buti ndefu za mpira, kila mmoja na tochi yake, kila mmoja na fimbo ya kupapasia majani mbele yake. Mchana tulikuwa na mtungo wa perege tuliouchomeka kwenye maji ya kina kifupi. Nilipokwenda kuuchukua nilimkuta fira wa msituni, mweusi anayeng'aa, koo la manjano, urefu unaozidi mita mbili, yuko kando ya mtungo wangu. Fira huyu anakula samaki na vyura, anaogelea vizuri, na alikuwa amefuata chakula kama mimi. Akainua shingo, akaitanua.

Nilisimama. Niliwanyooshea mkono wa nyuma vijana wasije. Mmoja alikuwa ameshaokota jiwe. Nilirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka nikamfikia, nikamshika kifundo cha mkono, jiwe likaanguka. Tukakaa mbali tunamtazama. Baada ya kama dakika kumi alishusha shingo, akaingia majini, akavuka ng'ambo. Mtungo ulikuwa umepungua samaki mmoja. Miaka ile ningemrushia jiwe mimi mwenyewe na ningesimulia kijiwe kizima.

Nawaambia vijana wangu na nakuambia wewe: usitie mkono usikotia jicho. Gogo usilivuke kwa kuruka, likanyage juu, angalia ng'ambo yake, ndipo ushuke. Chambo cha nyungunyungu kichimbue kwa jembe. Usigeuze mawe kwa vidole. Jua likizama, mkunga abaki mtoni. Na kabla hujatoka nyumbani, piga simu uulize hospitali ipi kwenye njia yako ina dawa ya nyoka leo, maana iliyokuwa nayo mwaka jana huenda haina. Mimi swali hilo nililiuliza nikiwa tayari kwenye bodaboda, mguu wa shemeji unagonga ekzosi.

Kijana wa Kilosa alinipigia siku ya nne. Mwenzake yuko wodini, uvimbe umefika pajani kisha ukasimama, vidole vina joto. Daktari amewaambia wangoje. Aliniuliza kama walikosea sana. Nilimwambia wamefanya kile walichofundishwa, kama nilivyofundishwa mimi, na nikamsimulia habari ya shemeji kwa mara ya kwanza nje ya familia. Baada ya simu ile nilimwomba shemeji ruhusa ya kuiandika. Alisema, "Andika, ila uweke na ya kandambili, hiyo ni yangu."

Jumamosi iliyopita tulikwenda wote Zigi, mara yake ya kwanza tangu 2018. Alivua amekaa juu ya jiwe, mguu ameunyoosha, akapata perege watatu. Saa kumi na moja jioni tulikunja mishipi, jua bado lipo. Nilikuwa nimemnunulia tochi, na ingawa haikuwa giza aliiwasha tulipofika kwenye misaji. Akaniambia, "Shemeji, leo natangulia mimi." Nikampisha, nikafuata nyuma, naangalia fimbo yake inavyogeuza jani moja moja.