Maini yasitangulie nyama

Nimekagua nyama kwa miaka mingi, na jambo ninalowasihi wachinjaji kila mara ni hili: kichwa, ulimi, mapafu, moyo na maini vibaki pamoja na mzoga wake mpaka mkaguzi amalize. Paja laweza kuonekana safi na jekundu huku ugonjwa umekaa kwenye mapafu. Maini yakishauzwa nikabakiziwa paja tu, sina cha kukuthibitishia.

Kazi huanza mnyama akiwa hai. Namtazama akisimama na akitembea: anachechemea? Anahema kwa shida? Anatokwa na ute puani? Aliyechomwa dawa asichinjwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye maelekezo yake zipite. Aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani au mkunduni, usimguse wala usimpasue, ita daktari wa mifugo. Huenda ni kimeta, na vimelea vyake vikipata hewa hujifunika ganda gumu na kuishi udongoni kwa miongo.

Baada ya kuchinja, macho peke yake hayatoshi. Mapafu nayapapasa, maana uvimbe wa ndani hauonekani kwa nje. Napasua mitoki, yaani tezi za limfu; nikikuta usaha mzito ulioganda, nashuku kifua kikuu na mzoga mzima unachunguzwa upya. Maini nayachana kwenye mirija ya nyongo kutafuta minyoo bapa. Kwa ng'ombe, mabuu ya tegu hupenda misuli ya taya, ulimi na moyo, yakiwa ndani ya vifuko vidogo vyenye maji. Kisu kilichogusa usaha hakirudi kwenye nyama kabla ya kuoshwa na kutumbukizwa katika maji ya nyuzi 82 za Selsiasi.

Mafuta ya manjano pekee yasikutishe, kwani majani mabichi huyapa rangi hiyo. Umanjano ukionekana pia kwenye weupe wa macho na kwenye kano, hilo ni tatizo la ini au damu.

Nawe mnunuzi, ulizia muhuri kabla ya kulipa. Kupika nyama mpaka iive vizuri hadi ndani kunaua tegu, lakini hakuondoi mabaki yote ya dawa.

Kiungo kilichokataliwa kichomwe au kifukiwe kwenye shimo refu. Tafadhali, usimtupie mbwa pafu lenye malengelenge ya maji. Atapata tegu wadogo, na mayai yao hutoka na kinyesi chake. Mtu akiyameza, malengelenge yaleyale humwota kwenye ini au mapafu, na mara nyingi huishia kupasuliwa.