Kuchinja na Kuchuna Nyumbani: Maswali Yenu

Swala wanaingia shambani kwangu. Naweza kuchinja mmoja? Kaka yangu Marekani huwinda kulungu kila mwaka. (Gilgil)

Hapana, ndugu. Huko wana vibali na msimu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na nyamapori itakupeleka kortini hata kama swala amekula mahindi yako. Ripoti kwa KWS, shirika la wanyamapori, uchinje mbuzi.

Mbuzi wetu wa Krismasi alinuka. Tulikosea wapi? (Njoro)

Beberu asiyehasiwa ana harufu yake, lakini mara nyingi kosa ni mikono. Mtu anashika manyoya, kisha anashika nyama bila kunawa. Weka maji karibu.

Jioni ya kuamkia siku ya kuchinja mnyime mbuzi majani, mpe maji tu. Akishamaliza kutoa damu, mning'inize kwa kano za miguu ya nyuma. Pasua ngozi kidogo, weka kisu kando, usukume ngumi kati ya ngozi na nyama. Ukichuna vizuri utaona utando mweupe umebaki juu ya nyama, unang'aa, hauna tundu. Huo ndio kinga ya nyama, na huwa naumia nikiona umekatwakatwa na mtu mwenye haraka.

Kabla ya kupasua tumbo, zungusha kisu kwenye njia ya haja, vuta utumbo kidogo, ufunge kwa kamba. Kisha tangulia na vidole viwili ndani, makali ya kisu yakitazama nje, ushuke polepole. Matumbo yatashuka kwa uzito wake.

Nyongo ikipasuka je? (Bahati)

Kata palipochafuka, utupe. Siku nyingine iondoe pamoja na kipande cha ini, usiivute.

Ini lilikuwa na malengelenge ya maji. Tumpe mbwa? (Subukia)

Usimpe kabisa! Malengelenge hayo ni minyoo michanga. Hukomaa tumboni mwa mbwa, mayai yakatoka na kinyesi, na mtoto anayecheza naye akayameza. Choma ini hilo liwe majivu, na mkaguzi wa nyama auone mzoga wote kabla hamjapika.

Nimemkuta mbuzi amekufa, damu inatoka puani. Nimchune upesi? (Lanet)

Usimguse, tafadhali. Huenda ni ugonjwa wa kimeta, ulioua nyati wengi Ziwa Nakuru mwaka 2015. Ukimpasua, vijidudu vitabaki udongoni miaka na miaka. Fukuza mbwa, mpigie daktari wa mifugo sasa hivi. Aliyemshika akiota kidonda cheusi kisichouma, aende hospitali siku hiyo hiyo, na aseme alishika mzoga.