Swali la Lugha: Mchujo au mtoano? Timu imeshuka au imeshushwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkazi wa Mbeya na shabiki wa Mbeya City. Mwaka 2023, Mashujaa ya Kigoma ilipotufunga tukaaga Ligi Kuu, mtangazaji wa redio alisema tumetolewa kwenye “mtoano”. Kesho yake gazeti likaandika “mchujo”. Vijana wa kijiweni wao husema “pleiofu” na yanaishia hapo. Mjomba wangu naye hunikosoa kila nikisema “tulishushwa daraja”. Anasema timu haishushwi, timu inashuka. Tumesharudi Ligi Kuu lakini ubishi wa nyumbani haujaisha. Lipi ni sahihi?

JIBU: Marahaba, na hongera kwa kurudi mwaka 2025, tena kwa kushika nafasi ya pili, bila kupita tena kule kulikowaumiza. Mchujo na mtoano yote ni maneno ya Kiswahili safi, na yote mawili yana mahali pake katika habari ya timu yako. Ila kazi zake ni tofauti. Ukiyachanganya unamnyima msikilizaji jambo analolitaka kuliko yote katika mechi hizi: anayefungwa leo amekwisha, au bado ana kesho yake?

Mtoano limetokana na toa, likapita kwenye toana. Hicho kiambishi -an- ndicho kile kile cha kutendana tunachokikuta katika kutana na pambana, tukapata mkutano na mpambano. Kutoana kunataka wawili, na kunataka mmoja wao atoke kweli. Ukisikia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ikiitwa hatua ya mtoano, huna haja ya kuelezwa zaidi. Wameingia wawili, mmoja anaendelea, mwingine anapanda ndege kurudi kwao.

Mchujo ni mtoto wa chuja, na hapa naomba uniruhusu niingie jikoni. Bibi yangu alikuwa mtu wa Pangani, na mimi ndiye niliyekuwa nikimkunia nazi. Alichukua kifumbu, kile kifuko cha kusukwa, akakijaza nazi iliyokunwa na kumwagiwa maji kidogo, akakikamua kwa mikono miwili mpaka mishipa ya mikono ikamtoka. Lililotoka kwanza ni tui zito, akaliweka kando kwa kumalizia mchuzi. Machicha yaliyobaki hakuyatupa. Aliyarudisha kwenye bakuli, akaongeza maji, akayavuruga, akakamua tena, na safari hii likatoka tui jepesi la kuanzia kupikia. Nikiwa mdogo niliwahi kuyabeba machicha kwenda kumwagia kuku kabla ya mkamuo wa pili, nikaitwa kwa sauti ambayo sijaisahau: “We mtoto, hayajakwisha hayo!”

Hivyo ndivyo neno mchujo lilivyo ndani yake. Kuchuja si lazima kumalizike kwa mara moja. Kuna kinachopita mapema, kuna kinachorudishwa kukamuliwa tena, na kuna mwisho ambapo machicha ni machicha kweli, yanakwenda kwa kuku.

Sasa twende kwenye utaratibu ulioiondoa Mbeya City. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16. Iliyoshika nafasi ya 15 na iliyoshika ya 16 zinashuka moja kwa moja, hazichujwi wala hazitoani na mtu. Timu ya 13 na ya 14 zinakutana nyumbani na ugenini. Atakayeshinda kwa jumla ya mabao anabaki Ligi Kuu. Atakayeshindwa hajatoka. Anarudishwa kwenye kifumbu, anasubiri mshindi kati ya timu ya tatu na ya nne za Championship, ligi iliyo ngazi moja chini ya Ligi Kuu, wanacheza tena mechi mbili, na hapo ndipo yanapoamuliwa: mmoja anacheza Ligi Kuu msimu unaofuata, mwingine anacheza Championship.

Mwaka 2023 mlikutana kwanza na KMC mkashindwa. Siku ile hakuna aliyepaswa kusema mmetolewa, maana hamkuwa mmetolewa. Mashujaa nao walikuwa wameipita Pamba huko kwao, wakaja kukutana nanyi, na nyinyi ndio mliotoka. Kwa hiyo mtangazaji wako alikuwa sahihi kabisa kusema mtoano alipozungumzia mechi za Mashujaa. Mhariri wa gazeti naye alikuwa sahihi alipoandika mchujo, kwa sababu mchujo ni jina la safari nzima, tangu KMC mpaka Mashujaa. Ambaye angekosea ni yule ambaye angeita mechi za KMC na Mbeya City mtoano. Ushahidi haukukawia. Mwaka uliofuata, Tabora United ilishindwa na JKT Tanzania katika hatua hiyo hiyo, kisha ikaishinda Biashara United ya Mara na kubaki Ligi Kuu. Mwaka 2025 Fountain Gate ilishindwa na Tanzania Prisons, ikaja kukutana na Stand United ya Shinyanga, ikapona. Ungeziambia timu hizo mbili kwamba zimetolewa baada ya mechi za kwanza, ungekuwa kama mimi na machicha yangu.

Mimi ningependa tuwe na majina matatu yanayosikika tofauti: mchujo wa kubaki kwa timu ya 13 na ya 14, mchujo wa kupanda kwa ya tatu na ya nne za Championship, na mtoano wa Ligi Kuu kwa mechi mbili za mwisho. Nimeyajaribu kwa watu wasiofuatilia soka na walielewa mara moja nani anapigania nini.

Jambo hili linazidi kuonekana ukitoka nje ya mipaka yetu, kwa sababu si kila nchi inachuja. Ujerumani, timu ya 16 kati ya 18 za Bundesliga inakutana na ya tatu ya daraja linalofuata, mechi mbili, basi. Hakuna wa kurudishwa kukamuliwa. Huo ni mtoano tangu dakika ya kwanza. Uingereza kwa miaka mingi timu ya tatu mpaka ya sita za Championship yao zimekuwa zikiwania nafasi moja ya kupanda, fainali ikichezwa Wembley, na hakuna timu ya Ligi Kuu inayohusishwa. Huo ni mchujo wa kupanda peke yake, hauna wa kubaki. Mtangazaji anayesema “pleiofu” kwa nchi zote hizo hajakosea, lakini amemwachia msikilizaji kazi yote ya kujua ni ipi.

Na hapo ndipo niliposimama kuhusu neno hilo la vijana wa kijiweni. Sina ugomvi nalo. Penalti na kona ni maneno ya kukopa, na leo hakuna anayeyaona mageni. Pleiofu limeshakaa kinywani mwa watu, wanalitamka kwa ulimi wa Kiswahili. Waambie tu waongeze neno moja mbele yake, “pleiofu ya kubaki” au “pleiofu ya kupanda”, watakuwa wamesema kitu kamili. Ukiwa na ndugu Kenya ujue pia kwamba huko mchujo lina kazi nyingine nzito: ndilo neno la vyama vya siasa kuteua wagombea wao kwa kura, jambo ambalo Tanzania huitwa kura za maoni. Mkenya akisoma kichwa cha habari “Mchujo wazua vurugu” akili yake inaweza kwenda kwenye siasa kabla ya kwenda uwanjani. Andika mchujo wa Ligi Kuu, umemaliza.

Kuna neno jingine linaloponyoka hapa, nalo ni mchuano. Watu hulidhania ni ndugu wa mchujo kwa sababu yanafanana mdomoni. Hapana, mchuano limetoka kwenye chuana, yaani kushindana kwa nguvu. Mechi yoyote kali ni mchuano, hata ya kirafiki.

Sasa mjomba. Ana hoja, na mimi niko upande wake zaidi ya nusu. Shuka ni kitendo cha anayeshuka mwenyewe. Shusha ni kumfanya mwingine ashuke, na shushwa ni kufanywa hivyo na mtu. Tuna mfano wa zamani zaidi ya soka: askari akishushwa cheo, kila mmoja anajua kuna mkubwa aliyeamua na kuna kosa lililotendwa. Hakuna anayeshushwa cheo kwa bahati mbaya. Vivyo hivyo, mtu akiniambia timu imeshushwa daraja, sikio langu linauliza: na nani, kwa kosa gani? Mwaka 2006 Juventus ya Italia ilimaliza ligi ikiwa ya kwanza, ikavuliwa ubingwa na kupelekwa Serie B kwa sababu ya kashfa ya kuwashawishi waamuzi. Hiyo ilishushwa. Hakuna neno jingine linaloitosha. Mbeya City ya 2023 haikukosea kanuni yoyote, ilifungwa mpirani. Hiyo ilishuka, na kusema ilishushwa ni kuiongezea aibu isiyokuwa yake.

Lakini mjomba asiende na kanuni hiyo Nairobi akaanza kuwasahihisha watu. Magazeti ya Kiswahili ya Kenya huandika kila msimu kwamba timu imeteremshwa ngazi au imeshushwa ngazi, na wanamaanisha matokeo ya uwanjani. Hoja yao inaeleweka, kwamba kanuni ya ligi ndiyo inayoshusha, timu inapokea tu. Nami nafurahia chaguo lao la ngazi, kwa sababu linaturudisha kwenye asili ya daraja lenyewe. Neno hilo tulilipata kwenye Kiarabu, ambako maana yake ni kipandio na cheo. Wengi wetu siku hizi tukisikia daraja tunaona la Kigamboni au la Wami, lile la kuvukia maji. Katika soka bado linatumika kwa maana yake ya zamani, kama mtoto aliyefaulu mtihani kwa daraja la kwanza.

Upande wa kupanda tofauti hiyo inakuwa kali zaidi. “Imepanda” ni sifa. “Imepandishwa” inanong'ona kwamba kuna mkono uliosaidia, mathalani ligi imeongezwa timu na nafasi zikajazwa mezani. Ukitaka kuwasifu Mashujaa kwa walichowafanyia, sema walipanda.

Nikiwa hapo hapo, angalia pia kinachofuata baada ya kitenzi. “Imepanda Ligi Kuu” iko wazi, ndiko ilikokwenda. Lakini kushuka kuna sura mbili: ukishuka basi, unatoka ndani ya basi, ukishuka Ubungo, Ubungo ndiko unakofika. Kwa hiyo “imeshuka Ligi Kuu” inaeleweka kuwa imetoka, na “imeshuka Championship” inaeleweka kuwa imefika, japo kitenzi ni kile kile na hakuna kihusishi. Msikilizaji anayezijua ligi hizi anaelewa. Asiyezijua anapotea, hasa kwa kuwa majina yalibadilika mwaka 2021: iliyokuwa Ligi Daraja la Kwanza ikawa Championship, na iliyokuwa Daraja la Pili ikaitwa First League, jina ambalo mtu akilitafsiri kichwani anapata tena la kwanza wakati ni ngazi ya tatu. Wazee wengi bado wanasema “imeshuka Daraja la Kwanza”, na mgeni anabaki akijiuliza unashukaje kwenda la kwanza. Ongeza kutoka au hadi, tatizo linakwisha.

Kwa hiyo siku mjomba akija tena, msomee sentensi hii yote bila kupumzika: mwaka 2023 Mbeya City ilishindwa na KMC katika mchujo wa kubaki, ikakutana na Mashujaa katika mtoano wa Ligi Kuu, ikatolewa, ikashuka hadi Championship, na mwaka 2025 ikapanda.