Kuchaji betri njiani, Malindi hadi Mokowe

Ndugu yangu, umeuliza kama sola ndogo ya kufunga nyuma ya baiskeli itatosha kuchaji betri za tochi mpaka Mokowe, kabla ya kuvuka Lamu. Jua la kwetu si haba, tatizo ni joto. Betri za NiMH (zile za tochi zinazochajiwa tena) zikichajiwa zikiwa zimepita nyuzi 40 hivi, hazijai vizuri na huchakaa upesi. Sola ipigwe jua, betri zikae kivulini ndani ya mfuko.

Mimi ningetegemea zaidi dainamo ya kitovu cha gurudumu la mbele. Ukienda kilomita 15 kwa saa hutoa wati 3 hivi, ila ni umeme wa AC (unaogeuka mwelekeo kila mara), kwa hiyo lazima upite kwenye kifaa cha kuugeuza kuwa volti 5 za USB. Betri 4 za AA za mAh 2,000 hubeba karibu wati-saa 10. Hesabu saa tano au zaidi za kukanyaga, kwani umeme kiasi hupotea. Na tafadhali, chaji pawabenki kwanza, betri baadaye: ukipunguza mwendo kwenye mchanga, umeme wa dainamo hushuka papo hapo, lakini wa pawabenki huziendea betri bila kuyumba. Ukilala Garsen, omba soketi usiku.